Jina, Alama na Mtambo: Utambuzi wa Bunduki Kongwe za Marisawa zenye Mitutu Miwili na Tatizo la Vipuri Vyake, Birmingham na Liège hadi Mwaka 1914

IKISIRI

Makala haya yanachunguza namna bunduki kongwe ya marisawa yenye mitutu miwili inavyoweza kutambuliwa, na sababu za vipuri vyake kuwa vigumu kupatikana. Yamejikita katika bunduki zilizotengenezwa Birmingham, Uingereza, na Liège, Ubelgiji, kuanzia nusu ya pili ya karne ya 19 hadi mwaka 1914, ambazo nyingi ziliuzwa katika soko la Marekani. Hoja kuu ni kwamba jina lililochongwa juu ya bunduki ndilo ushahidi dhaifu kuliko wote, ilhali alama zilizopigwa kwa amri ya sheria na ujenzi wa mtambo ni ushahidi wenye nguvu. Aidha, makala yanaonesha kwamba uhaba wa vipuri hautokani na umri wa bunduki peke yake, bali na mfumo wa uzalishaji uliozizaa. Anayetafuta kipuri na anayeandika historia wanauliza swali moja: nani hasa aliitengeneza?

1.0 Utangulizi

Katika makumbusho, katika maghala ya vielelezo na katika nyumba za watu binafsi hukutwa bunduki kongwe zenye mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, nyundo mbili za nje, na jina la Kiingereza lililochongwa kwa nakshi kwenye bamba la mtambo. Mara nyingi maelezo yanayoambatana nazo ni mafupi: jina hilo hunakiliwa kama lilivyo, likaitwa jina la mtengenezaji, na mwaka ukakadiriwa kwa macho. Mwenye bunduki iliyovunjika nyundo au kamani hufanya vivyo hivyo: husoma jina, kisha hutafuta kipuri kwa jina hilo. Wote wawili, mtunza kumbukumbu na mtafuta kipuri, huanzia mahali pasipofaa.

Kosa hili lina madhara ya aina mbili. Kwanza, linaipotosha historia, kwa kuwa kazi ya maelfu ya mafundi wa mji mmoja huhesabiwa kuwa ya mji mwingine. Pili, linahatarisha maisha, kwa kuwa bunduki iliyojaribiwa kwa baruti nyeusi hudhaniwa kuwa inaweza kustahimili risasi za leo. Kwa sababu hizo, utambuzi wa bunduki kongwe si jambo la wakusanyaji wa vitu vya kale pekee. Ni suala la mbinu za kihistoria.

1.1 Istilahi

Katika makala haya, mtutu ni bomba la chuma linalopitisha marisawa. Mtambo ni mkusanyiko wa kamani, nyundo na vipande vidogo vinavyoachia pigo, na bamba la mtambo ni kipande cha chuma kinachobeba mkusanyiko huo ubavuni mwa bunduki. Fremu ni chuma cha kati kinachounganisha mitutu na kitako. Geji ni kipimo cha tundu la mtutu: geji 12 ina maana kwamba tufe 12 za risasi zenye kipenyo sawa na tundu hilo hutimiza uzito wa ratili moja ya Kiingereza, yaani takriban gramu 454. Kwa kipimo cha milimita, tundu hilo ni takriban 18.5.

2.0 Usuli: Kutoka Gobori hadi Bunduki Inayokunjika

Lugha ya Kiswahili imehifadhi ndani yake hatua kuu za historia ya silaha hii. Gumegume ni bunduki inayowashwa kwa jiwe linalotoa cheche. Fataki ni kifuniko kidogo chenye kemikali inayolipuka kikipigwa, nacho kilichukua nafasi ya jiwe katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Gobori ni bunduki inayoshindiliwa kwa mdeki kupitia mdomoni, iwe ya jiwe au ya fataki. Msamiati huu ulikua kwa kuwa bidhaa zenyewe zilifika pwani na bara kwa wingi, na msemaji wa Kiswahili alilazimika kutofautisha bunduki kwa namna inavyowashwa na inavyojazwa. Hakuitofautisha kwa jina la aliyeiuza. Hoja ya makala haya, kwa kiasi fulani, ni kurudi kwenye busara hiyo ya kuainisha.

Mageuzi yaliyozaa bunduki tunayoijadili yalianzia Paris. Mwaka 1835 Casimir Lefaucheux alipata hataza ya bunduki ambayo mitutu yake hukunjika kwenye bawaba na kufunguka nyuma, ikapokea ganda lenye pini inayochomoza ubavuni. Bunduki ya namna hiyo ilipooneshwa katika Maonesho Makuu ya London mwaka 1851, mafundi wa Uingereza, akiwamo Joseph Lang, walianza kuiga na kuiboresha. Katika miaka ya 1860 ganda la pini lilianza kupisha ganda linalopigwa katikati ya kitako chake, ambalo ndilo msingi wa risasi za marisawa hadi leo. Mwaka 1863 James Purdey alipata hataza ya kufuli ya chini inayokaza mitutu kwenye fremu kwa meno mawili. Mwaka 1875 William Anson na John Deeley, waliokuwa wakifanya kazi na kampuni ya Westley Richards ya Birmingham, walipata hataza ya mtambo usio na nyundo za nje, unaotegwa na uzito wa mitutu yenyewe inapokunjwa.

Tarehe hizi ni muhimu kwa utambuzi kwa sababu zinaweka mpaka wa chini. Bunduki yenye kufuli ya Purdey haiwezi kutangulia mwaka 1863, na yenye mtambo wa Anson na Deeley haiwezi kutangulia mwaka 1875. Hata hivyo, haziweki mpaka wa juu. Bunduki za nyundo za nje ziliendelea kutengenezwa kwa miongo mingi baada ya 1875 kwa kuwa zilikuwa rahisi na wanunuzi walizizoea. Kwa hiyo kuiona nyundo ya nje na kuhitimisha kwamba bunduki ni ya kabla ya 1875 ni kosa la kimantiki: uvumbuzi mpya haukuua ule wa zamani siku ulipozaliwa.

3.0 Jina kama Ushahidi Dhaifu

Jina lililo juu ya bunduki laweza kuwa la mtengenezaji, la mkusanyaji wa vipande, la duka lililoiuza, la mwagizaji, au la mtu ambaye hakuwahi kuwapo. Katika soko la Marekani la mwishoni mwa karne ya 19, aina zote hizi zilikuwapo kwa wakati mmoja. Mifano miwili inatosha kuonesha ukubwa wa tatizo, na kila mmoja unaelekea upande wake.

Mfano wa kwanza ni jina "W. Richards". Kampuni ya Westley Richards ilianzishwa Birmingham mwaka 1812 na ilikuwa na sifa kubwa. Bunduki nyingi za bei nafuu zilizotoka Liège kwenda Marekani zilichongwa jina "W. Richards", ambalo mnunuzi wa mbali angeweza kulichukua kuwa ni lile analolijua. Jina halikuwa lilelile, lakini lilikaribia vya kutosha. Vivyo hivyo, majina yaliyofanana na ya mafundi maarufu wa London yalichongwa kwenye bunduki zilizotoka katika karakana ambazo hazikuwa na uhusiano wowote nao. Hapa tunakuta jina moja juu ya bunduki nyingi zisizo na udugu: warsha mbalimbali, mitambo mbalimbali, ubora mbalimbali.

Mfano wa pili ni kiwanda cha Crescent Fire Arms cha Norwich, Connecticut, kilichokuja kumilikiwa na wafanyabiashara wa silaha H. & D. Folsom wa New York. Kiwanda hiki kilitengeneza bunduki za mitutu miwili kwa mashine na kuziuza kwa maduka ya jumla ya vifaa vya chuma, ambayo kila moja lilitaka jina lake mwenyewe juu ya bamba. Matokeo yake ni kwamba makumi ya majina yaliwekwa kwenye bunduki ambayo ndani yake ilikuwa ileile. Hapa tunakuta bunduki moja yenye majina mengi.

Ugumu unaongezeka kwa kuwa Folsom waliagiza pia bunduki kutoka Ubelgiji. Mfanyabiashara mmoja aliweza kuweka sokoni bidhaa za Liège na za Norwich, na mnunuzi hakuwa na njia ya kuzitofautisha kwa kusoma maandishi ya nje. Kwa mtafuta kipuri, tofauti kati ya mifano hii miwili ndiyo tofauti kati ya kufanikiwa na kushindwa. Mwenye "W. Richards" akinunua nyundo ya "W. Richards" nyingine, huenda isikae kabisa. Mwenye bunduki ya Crescent akikataa kipuri kwa kuwa kimetoka kwenye bunduki yenye jina tofauti, huenda amekataa kilekile anachokihitaji.

4.0 Alama Zilizopigwa kwa Amri ya Sheria

4.1 Birmingham na London

Tofauti na jina, alama za majaribio hazikuwekwa ili kumvutia mnunuzi. Zilipigwa chini ya mitutu na kwenye fremu, mahali ambapo haziwezi kuonekana mpaka bunduki ifunguliwe, baada ya mtutu kupakiwa baruti nyingi kuliko kawaida na kufyatuliwa mbele ya wasimamizi. London kazi hiyo ilikuwa chini ya chama cha watengenezaji bunduki kilichopewa hati ya kifalme mwaka 1637. Birmingham ilipata nyumba yake ya majaribio kwa sheria ya Bunge mwaka 1813.

Alama za Birmingham za kuanzia mwaka 1813 hadi 1904 ni fimbo mbili za kifalme zilizopishana pamoja na taji, na herufi BPC au V. Kuanzia 1904 zilifuatwa na taji juu ya herufi BP na BV. Maneno NOT FOR BALL, yaani "si kwa tufe", yalipigwa kati ya 1875 na 1887 kwenye mitutu iliyobanwa mdomoni ili kukusanya marisawa. Tufe zima la risasi lingeweza kuupasua mtutu wa namna hiyo. Umbo la almasi lenye namba ya geji juu ya herufi C lilianza kutumika mwaka 1887. Kwa kuoanisha alama hizi, mtafiti anaweza kuibana bunduki ya Birmingham ndani ya kipindi kifupi bila kusoma jina hata moja.

4.2 Liège

Liège ilikuwa na taratibu za majaribio tangu mwaka 1672, chini ya utawala wa Askofu Mtawala wa mji huo, na alama yake ilikuwa Perron, mnara unaowakilisha uhuru wa mji. Herufi ELG ndani ya duaradufu, zikiambatana na nyota, zilianza mwaka 1810, wakati Liège ilipokuwa chini ya Ufaransa ya Napoleon. Mwaka 1893 taji liliongezwa juu ya duaradufu hiyo. Kila mkaguzi alikuwa na herufi yake: tangu 1853 hadi 1877 herufi hiyo ilivikwa taji, na baada ya 1877 ilivikwa nyota. Kuanzia 1898 mitutu iliyojaribiwa kwa baruti isiyo na moshi ilipigwa alama ya simba juu ya herufi PV. Kuanzia 1922 iliongezwa herufi inayotaja mwaka.

Alama nyingine haikutoka Liège bali ilitokana na sheria ya Marekani. Sheria ya Ushuru ya McKinley ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa zinazoingizwa nchini humo kuanzia Machi 1891 zioneshe nchi zilikotoka. Hivyo neno BELGIUM juu ya bunduki ni dalili kwamba ilipita katika forodha ya Marekani baada ya tarehe hiyo. Marekani yenyewe haikuwa na nyumba ya majaribio ya serikali kwa bunduki za raia. Kutokuwapo kwa alama yoyote ya majaribio, basi, si pengo la ushahidi. Ni ushahidi unaoelekeza Marekani.

4.3 Mfano wa Usomaji

Tuchukue bunduki ya namna inayopatikana mara kwa mara: geji 12, nyundo za nje, jina "W. Richards" kwenye bamba, neno BELGIUM kwenye fremu. Mitutu ikifunguliwa, chini yake inaonekana duaradufu ya ELG yenye taji, Perron, herufi ya mkaguzi yenye nyota, namba 18.2, na almasi yenye 12 na C. Hakuna simba, wala hakuna herufi ya mwaka.

Usomaji unakwenda hivi. ELG inaondoa Birmingham kabisa, na jina linapoteza mamlaka yake hapohapo. Nyota juu ya herufi ya mkaguzi inaiweka baada ya 1877. Taji juu ya duaradufu linausogeza mpaka huo hadi 1893. Kukosekana kwa herufi ya mwaka kunaiweka kabla ya 1922. Namba 18.2 ni kipenyo cha tundu kwa milimita. Historia ya jumla inabana zaidi: Agosti 1914 Liège ilishambuliwa na kukaliwa na majeshi ya Ujerumani, na biashara ya bunduki za kuwindia kwenda Marekani ilivurugika. Kipindi kinachoelekea zaidi ni kati ya 1893 na 1914.

Kukosekana kwa simba hakuthibitishi kwamba bunduki ni ya kabla ya 1898, kwa kuwa bunduki za baruti nyeusi ziliendelea kutengenezwa baadaye. Kunathibitisha jambo jingine lenye uzito zaidi kwa aliye hai: mitutu hii haina ushahidi wa kujaribiwa kwa baruti isiyo na moshi. Iwapo ni mitutu ya damaski, yaani iliyosokotwa kwa fito za chuma na chuma cha pua na kufuliwa pamoja, kutu iliyojificha katika maungio yake haionekani kwa nje. Vilevile, vyumba vya risasi vya wakati huo mara nyingi vilikuwa na urefu wa milimita 65, ilhali risasi za kawaida za leo zinahitaji 70. Ganda refu laweza kuingia bila shida, lakini likifunguka hukosa nafasi, na shinikizo huongezeka. Bunduki inaweza kuwa na vipuri vyote na bado isifae kufyatuliwa.

5.0 Mtambo kama Saini ya Fundi

Alama za majaribio hutaja mji na kipindi. Hazitaji kila mara mkono uliofanya kazi. Kwa hilo inabidi kuufungua mtambo. Upande wa ndani wa bamba, ambao mnunuzi hakuuona, mara nyingine una jina la mtengenezaji wa mtambo. Wolverhampton, jirani na Birmingham, ilisifika kwa kazi hii, na mitambo ya Joseph Brazier na ya Stanton ilinunuliwa na wenye maduka wengi waliochonga majina yao wenyewe upande wa nje. Hataza ya Stanton ya mwaka 1867 ya nyundo inayorudi nyuma yenyewe baada ya kupiga inatoa pia mpaka wa tarehe. Kwa upande wa Liège, mitutu huweza kuwa na alama ya mfua mitutu, kwa mfano Heuse-Lemoine wa Nessonvaux, katika bonde la mto Vesdre ambako kazi ya damaski ilishamiri.

Bunduki moja, kwa hiyo, yaweza kuwa na waandishi watatu au wanne: aliyefua mitutu, aliyetengeneza mtambo, aliyeunganisha, na aliyeuza. Jina la nje ni la yule wa mwisho, naye ndiye aliyeigusa kidogo kuliko wote.

Kuna pia namba. Katika viwanda vyenye kumbukumbu zilizohifadhiwa, kama vile Purdey wa London au Parker Brothers wa Meriden, Connecticut, namba ya mfululizo yaweza kumwongoza mtafiti kwenye maandishi ya wakati huo. Katika bunduki za kawaida za Liège, namba ndogo zilizopigwa chini ya mitutu, kwenye fremu na ndani ya mbao ya mbele kwa kawaida ni namba za kuunganishia: ziliwekwa ili vipande vilivyolinganishwa pamoja visipotezane vikiwa bado karakana. Namba hizi hazitaji mwaka. Zina faida moja kubwa: zikitofautiana kati ya sehemu hizo tatu, ni dalili kwamba bunduki imeunganishwa upya kutoka kwa bunduki zaidi ya moja. Katika hali hiyo alama za majaribio zinaeleza historia ya mitutu tu, si ya bunduki nzima.

6.0 Kwa Nini Vipuri Havipatikani

Maelezo ya kawaida ni kwamba vipuri havipo kwa kuwa bunduki ni za zamani. Maelezo haya hayatoshi. Zipo mashine za umri uleule ambazo vipuri vyake hubadilishana bila taabu. Sababu ya msingi imo katika mfumo wa kazi.

Birmingham na Liège hazikuwa miji ya kiwanda kimoja kikubwa. Zilikuwa miji ya warsha ndogo, nyingi zikiwa nyumbani, ambamo kila fundi alikuwa na sehemu yake ya kazi: mmoja alifua mitutu, mwingine alitoboa, mwingine alifanya kamani, mwingine vifyatulio, mwingine kitako, mwingine nakshi. Kipande kilisafiri kutoka mlango hadi mlango. Aliyekipokea alikilinganisha na kile alichokuwa nacho kwa tupa na masizi: alipaka masizi ya taa kwenye chuma kimoja, akakibana na kingine, akaangalia masizi yamehamia wapi, akakwangua hapo, akarudia mpaka nyuso mbili zikakutana sawasawa. Hakukuwa na kipimo cha jumla cha kurejelea. Kila kipande kilipimwa kwa mwenzake.

Njia nyingine ilijulikana. Marekani, katika maghala ya silaha za serikali kama Springfield, vipande vya bunduki za kijeshi vilikuwa vikifanywa kwa mashine na geji za ukaguzi ili viweze kubadilishana. Serikali ya Uingereza ilituma wajumbe kuichunguza mwanzoni mwa miaka ya 1850, na kiwanda cha Enfield kikaifuata. Lakini bunduki ya kuwindia haikuwa na jeshi nyuma yake, na warsha ndogo hazikuwa na mtaji wa mashine wala sababu ya kuzitafuta maadamu mikono yenye ujuzi ilikuwapo kwa wingi. Hata kiwanda cha Crescent, kilichotumia mashine, kilihitaji fundi wa kumalizia kwa tupa.

Hivyo basi, kusema kwamba kipuri cha bunduki ya Liège "hakipatikani" si sahihi kikamilifu. Usahihi ni kwamba kipuri hicho hakikuwahi kuwapo kama kitu kinachojitegemea. Kilichokuwapo ni kipande cha bunduki ile moja.

7.0 Njia za Kupata Vipuri na Gharama Yake kwa Ushahidi

Kutokana na hayo, njia za kupata vipuri zinajipanga kwa mujibu wa asili ya bunduki, si kwa jina lake. Kwa bunduki za kiwandani, kama za Crescent, njia ya kwanza ni bunduki nyingine iliyoharibika ya kiwanda hichohicho, bila kujali jina la duka. Kipimo cha kulinganisha ni umbo la bamba, umbali kati ya matundu ya parafujo na mkao wa mhimili wa nyundo. Kwa bunduki za Birmingham zenye mtambo wa Wolverhampton, utafutaji huelekezwa kwa mtengenezaji wa mtambo. Kwa bunduki za kawaida za Liège, kipande kinachokaribia huchukuliwa kama malighafi tu, kikakwanguliwa na fundi aliyehitimu, au kikatengenezwa kipya kwa kufuata kile kilichovunjika. Ndiyo maana vipande vilivyovunjika havipaswi kutupwa: ndivyo mchoro pekee uliobaki.

Kila njia ina gharama kwa mwanahistoria. Bunduki iliyovunjwa ili kutoa nyundo hupoteza ulinganifu wa namba na hutawanya ushahidi wake katika bunduki nyingine. Kipande kipya kilichofanywa kwa ustadi na kuzeeshwa kwa dawa kinaweza, baada ya kizazi kimoja, kusomwa kama cha asili. Mitutu iliyokwanguliwa ili ing'ae huweza kupoteza nusu ya alama, na alama iliyofutika haiwezi kurudishwa.

Makala haya yanapendekeza kanuni tatu. Kwanza, alama zote zipigwe picha na kupimwa kabla ya parafujo hata moja kugeuzwa. Pili, kipande kipya kiwekewe alama ndogo ya mwaka upande usioonekana, kama mafundi wenyewe walivyoweka alama zao mahali pasipoonekana. Tatu, kipande cha zamani kihifadhiwe pamoja na bunduki. Bunduki iliyokusudiwa kuoneshwa tu haihitaji kamani inayofanya kazi. Mara nyingi ukarabati bora kwa kielelezo cha makumbusho ni kutokarabati.

8.0 Funzo kwa Utafiti wa Afrika Mashariki

Mkataba Mkuu wa Brussels, uliotiwa saini tarehe 2 Julai 1890, ulizuia uingizaji wa silaha zilizoboreshwa katika eneo la Afrika kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, ambalo ndani yake imo Afrika Mashariki yote. Ulitoa nafasi, kwa masharti, kwa bunduki za gumegume zisizo na mikwaruzo ya ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Waliouandika hawakuorodhesha majina ya watengenezaji. Waliainisha kwa mtambo na mtutu.

Kwa mtafiti anayekuta bunduki ya mitutu miwili katika mkusanyiko wa Afrika Mashariki, mkataba huo ni kipimo cha ziada. Bunduki inayokunjika na kupokea ganda ilikuwa katika kundi lililodhibitiwa. Ikiwa alama zake zinaiweka baada ya 1893, swali la namna ilivyoingia, na mikononi mwa nani, linakuwa swali la kihistoria lenye mashiko: je, ilikuja na mwenye kibali, mtumishi wa utawala wa kikoloni, au kwa njia ya magendo? Swali hilo haliwezi hata kuulizwa iwapo kadi ya makumbusho inasema tu "bunduki ya Kiingereza, karne ya 19".

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba utambuzi wa bunduki kongwe ya marisawa unapaswa kuanza na alama za majaribio, ukafuata mtambo na namba za kuunganishia, na jina likasomwa mwisho. Mpangilio huu unatokana na swali la kawaida la uhakiki wa vyanzo: nani aliweka maandishi haya, na kwa faida ya nani? Jina liliwekwa na muuzaji kwa faida ya mauzo. Alama iliwekwa na mkaguzi ili mtumiaji asidhurike. Masizi na tupa viliacha saini ya fundi ambaye hakuandika jina lake popote.

Imeoneshwa pia kwamba ugumu wa kupata vipuri ni matokeo ya historia ya kazi, na kwamba anayekitafuta kipuri kwa uangalifu hufanya, kwa lazima, kazi ya mwanahistoria. Inapendekezwa kwamba makumbusho na maghala ya vielelezo yenye bunduki za namna hii yazifungue, yazisome upya na kuzisahihisha kadi zake, kabla kutu na ukarabati usio na kumbukumbu havijafuta kile ambacho Birmingham na Liège viliandika chini ya mitutu.